Mbona Hapigi Hodi?

Mwaka 2015 mjomba alinikabidhi banda lake la gemu pale Mafiati, jijini Mbeya. Runinga tatu, mashine za gemu za PlayStation, yaani PS3 mbili na PS2 moja iliyokwisha kuchoka, mabenchi ya mbao, na pazia zito mlangoni la kuzuia mwanga na baridi. Mechi ya mpira shilingi 200, nusu saa shilingi 500. Karibu kila aliyeingia alifuata mpira. Nilikaa pale miaka minne nikipokea hela, nikiamua ugomvi wa zamu na kufunga kwa selotepu nyaya za padi, vile vidhibiti vya kushika mkononi. Mengi ninayoyajua kuhusu gemu za dunia wazi, zile ambazo unavaa mhusika na kwenda unakotaka, niliyapata pale nikiwaangalia watoto wa mtaani kwetu wakizicheza.

Katika rundo la diski nilizorithi ilikuwamo Skyrim, gemu ya Bethesda ya Marekani iliyotoka Novemba 2011. Mwanafunzi mmoja wa chuo aliiacha rehani kwa deni lake, hakurudi kuikomboa. Ilikaa miezi bila kuguswa. Jumatatu moja ya mvua, wateja wakiwa wachache, nikaiweka.

Padi ilikuwa mikononi mwa dogo mmoja wa Ilemi, wakati huo yuko kidato cha pili. Tukapita ule mwanzo wa mfungwa aliyefungwa mikono kwenye mkokoteni, joka likashuka, mji ukaungua, tukakimbia, hadi tukatokea kijiji kidogo cha kando ya mto kinachoitwa Riverwood. Dogo akauendea mlango mmoja, akausukuma, akaingia. Ndani kaka na dada yake wanagombana. Wameibiwa; dada anataka mwizi afuatwe, kaka hataki hata kusikia. Walipotuona wakanyamaza, na yule kaka, ambaye ndiye mwenye duka, akatuomba radhi kwa tuliyoyasikia.

Mwisho wa benchi alikuwa amekaa mtoto wa darasa la tatu. Hakuwa na hela ya kucheza, ila kuondoka pia hakutaka. Akauliza, akiwa ameshangaa kweli: "Mbona hapigi hodi?"

Hakuna aliyecheka. Dogo wa Ilemi alishusha padi kidogo, kama mtu aliyekumbushwa adabu. Nami nimekaa na swali hilo kwa miaka, kwa sababu halikuwahi kuulizwa juu ya gemu nyingine yoyote bandani. Nyumba zimo kwenye gemu nyingi. Lakini mtoto hawezi kudai hodi kwenye nyumba asiyoamini kwamba ina wenyewe. Wale ndugu wawili walikuwa wanagombana kabla hatujafika, na sisi tuliwakatiza. Duka lilikuwa na mambo yake. Hapo hapo, kwa dakika moja ya maneno, mtoto yule alikuwa ameshaingia Riverwood.

Watu wakiulizwa nini kinamzamisha mchezaji ndani ya gemu ya namna hii, wengi hujibu kwamba ni picha. Sipingi uzuri wa picha, ila jicho huzoea haraka mno. Robo saa tu na hata milima mizuri kuliko yote inakuwa ukuta wa nyuma.

Wengine hujibu kwamba ni ukubwa. Hili nililijaribu mwenyewe baadaye, nilipopata kompyuta. Kabla ya Skyrim, mwaka 1996, kampuni ileile ilitoa Daggerfall, ambayo tangu 2009 inatolewa bure. Ni kubwa kupita kiasi, ina maelfu ya miji, vijiji na mapango, na sehemu kubwa yake imepangwa na kompyuta. Nilitembea humo jioni tatu. Kijiji kinafanana na kijiji, na hakuna hata kimoja kilichonipa sababu ya kukikumbuka. Ramani yote ya Skyrim haizidi sana kilometa za mraba 37, eneo ambalo hapa kwetu unalimaliza bila kufika mbali na jiji, lakini wateja wangu walikuwa wanaelekezana humo kama watu wanaoelekezana Mwanjelwa: pale kwa mhunzi, nyuma ya ile nyumba ya yule mama.

Yule mama wana sababu ya kumjua. Ukiingia Riverwood unamkuta bibi mmoja anamwambia kijana wake kwamba ameona joka angani, na kijana anamwambia aache kusema mambo ya ajabu. Sisi tumetoka kuliona joka hilo dakika chache tu nyuma. Tunajua bibi anasema kweli. Bandani palizuka kelele: "Mwambieni! Mwambieni bibi yuko sawa!" Na gemu haikupi nafasi ya kumsaidia palepale, inaendelea na maisha yake. Nani kati yetu hajawahi kuona mzee anasema jambo la kweli na wajukuu wanapeana macho?

Kiingereza kilikuwa kikwazo. Mazungumzo yote ni ya Kiingereza na wengi wa wateja wangu walikuwa bado wanahangaika nacho shuleni, kwa hiyo akajitokeza mkalimani, kijana wa kidato cha nne aliyekuwa hachezi sana ila anasoma haraka. Alisoma sentensi, akaisema kwa Kiswahili, na wote wakaamua pamoja tujibu nini. Wiki ya pili nikagundua kitu. Mhusika wetu akizungumza na mzee, mkalimani alikuwa anaanza na "Shikamoo mzee", na mzee anaitikia "Marahaba, karibu". Kwenye skrini hayamo. Nilipomuuliza, akasema bila hayo hawezi kuendelea, inasikika kama tunawakaba watu. Akawa anaweka pia "pole na kazi" kwa mhunzi na "za hapa" kwa mwenye duka.

Nilidhani anaharibu gemu. Sasa nadhani alikuwa anaimalizia. Dunia haiaminiki mpaka iwe na namna yake ya kuingiliwa: maneno unayoanza nayo, mtu unayemtangulizia heshima, mahali unaposimama kwanza. Kuna gemu ya Kijerumani ya mwaka 2001, Gothic, ambayo ililielewa hili mapema. Ukiingia kibandani kwa mtu, mwenyewe anakukaripia utoke. Ukichomoa upanga mbele ya watu, wanakuamuru uurudishe, na ukikaidi wanakupiga. Wanalala usiku, wanaamka, wanakwenda kazini, wanarudi kuota moto. Picha zake leo zinaonekana kama vinyago vilivyochongwa kwa panga, lakini humo nilitembea kwa adabu kuliko kwenye gemu nyingi zilizokuja miaka kumi baadaye.

Kisha kuna habari ya kuku.

Siku moja mteja aliyezoea gemu za kupigana alichukua padi akiwa Riverwood, akamkata kuku aliyekuwa anapita njiani, basi tu, kujaribu upanga. Kijiji kizima kikamjia juu. Yule aliyekuwa anatusalimia, yule tuliyemletea kuni, wote na silaha mkononi. Mgeni mmoja aliyekuwa anapita akaona gemu imeharibika: watu wazima wanamuua mtu kwa ajili ya kuku? Wateja wangu wakamgeukia kwa mshangao. Kuku wa watu! Barabara ya Tukuyu bodaboda akimgonga kuku hakimbii, na kama ana busara anashuka, anasalimia, anasikiliza hesabu inayoanza na kuku mwenyewe na kuendelea kwenye mayai ambayo angetaga na vifaranga ambavyo vingetoka. Kwao gemu ilikuwa imesema kweli. Adhabu ilizidi, ndiyo, lakini msingi ulikuwa sahihi: mnyama yule ana mwenyewe, na mwenyewe ana majirani.

Kilichoiua dunia ile, kwa wiki nzima, kilikuwa ndoo. Mtu fulani alileta habari kwamba ukimvisha mwenye duka ndoo kichwani, unaweza kubeba chochote dukani na asione. Ni kweli, tulijaribu. Banda lilicheka hadi watu wa saluni ya jirani wakaja kuchungulia. Lakini nilikuwa nawaangalia, na niliona jinsi walivyobadilika. Baada ya hapo hakuna aliyejali mwenye duka anasema nini. Mkalimani aliacha shikamoo zake. Ukishamwona mtu amesimama na ndoo kichwani hasemi kitu, huwezi tena kumwomba radhi kwa kuingia bila hodi. Vivyo hivyo na wale walinzi wa mijini wanaorudia habari ileile, kwamba walikuwa wasafiri kama wewe hadi walipopigwa mshale gotini, kila mlinzi, kila mji. Mara ya kwanza unamwonea huruma. Mara ya tano unajua hakuna mtu pale.

Na baridi. Hili wachezaji wa pwani huenda wasingeliona haraka. Mbeya iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Juni na Julai maji ya bomba asubuhi yanauma vidole. Dogo wa Ilemi alipoogelea kwenye bahari ya barafu kaskazini mwa ramani, mhusika hana hata shati, akatoka upande wa pili kama hakuna kilichotokea, bandani walinung'unika. "Huyu haumwi?" Skyrim ya awali haikuhesabu baridi hata kidogo, utaratibu wa njaa, uchovu na baridi uliongezwa rasmi mwaka 2017 kwenye toleo jipya. Mwaka huohuo Nintendo ya Japani walitoa Breath of the Wild, ambayo mlimani unatetemeka na kupungua nguvu usipovaa vizuri, na dawa mojawapo ni kupika chakula chenye pilipili. Mvua ikinyesha, mwamba unateleza, hupandi. Niliicheza kwa siku tisa kwenye mashine ya kuazima na nilikuwa naiambia sebule nzima: subirini, inanyesha. Nilikaa chini ya jiwe na mhusika wangu nikingoja ikatike, kama tulivyokuwa tunakaa chini ya migomba Tukuyu, ambako mvua haina miadi na mtu.

Kwa upande wa sauti nitasema kitu kimoja. Banda ni kelele, kwa hiyo sisi tuliiona Skyrim kwa macho tu kwa muda mrefu. Siku dogo alipokuja na hedifoni za dada yake nikamruhusu azichomeke kwenye runinga. Mvua ya Machi ilikuwa inapiga bati kwa nguvu. Baada ya muda akazivua, akasikiliza juu, akazivaa tena, akazivua. Kisha akaniuliza: "Kaka, mvua hii ni ya kwetu au ya kule?" Ilikuwa inanyesha kote kuwili.

Jambo lililonichukua muda mrefu kulielewa ni mshale wa kuonyesha njia. Kwenye gemu nyingi za sasa kuna dira juu ya skrini na alama inayokuonyesha pa kwenda. Unaambiwa kuna jambo pangoni, alama inawaka, unaifuata kama mbuzi anavyofuata jani la mtu. Nilikuwa nimekwisha kusoma ushauri wa watu kwamba dawa ni kuizima. Nikaizima. Nikapotea, tena upotevu usio na raha, kwa sababu watu wa Skyrim hawajui kuelekeza. Wanakutajia jina la pango basi. Waandishi waliiachia alama kazi yote. Nikarudi kwenye gemu ya kampuni ileile ya mwaka 2002, Morrowind, ambayo haina mshale kabisa. Mle mtu anakwambia fuata barabara, vuka daraja, penye njia panda shika mkono huu, utaona kilima. Na wakati mwingine maelekezo yenyewe yana kasoro. Nikaanza kuandika kwenye daftari. Hapo ndipo nilipokumbuka safari yangu ya kwanza kwenda Ngozi.

Ziwa Ngozi liko ndani ya kreta ya volkano, juu ya Isongole, barabara ya kutoka Mbeya kwenda Tukuyu. Nilikwenda na binamu yangu tukiwa vijana, hatuna simu za ramani wala mwongozaji. Tulimuuliza kijana wa bodaboda, akatuelekeza kwa maduka: ukipita la mangi, ukipita la vocha. Mbele tukamkuta bibi anapalilia viazi. Kumuuliza njia kwanza kulihitaji salamu, na salamu ya kule haiishi haraka. Alitaka kujua tumetoka kwa nani, na alipolisikia jina la ukoo wetu akataja mtu aliyekwisha kufa ambaye hata sisi tulimsikia tu. Kisha akatuelekeza kwa miti. Mparachichi wenye matawi mawili, halafu mti ulioanguka, halafu mianzi. "Mkiikuta mianzi msiongee kwa sauti," akasema, "ziwa lina wenyewe." Tukamwambia ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, akarudi kwenye viazi vyake kabla hatujageuka.

Tulipanda kwenye matope, tukishika mizizi. Ziwa hulioni. Unapanda msitu mzima bila dalili ya maji, hadi ukingoni kabisa, ndipo miti inaachana na liko chini yako, kijani, mbali, kimya. Watengenezaji wa Breath of the Wild waliwahi kueleza mwaka 2017 kwamba waliijaza dunia yao maumbo ya pembetatu, yaani vilima na miamba, makusudi: pembetatu inaficha kilicho nyuma yake, inakulazimisha uamue kupanda au kuzunguka, na inakufunulia kidogokidogo. Niliposoma maelezo hayo niliona Rungwe. Ukitoka Uyole kwenda Tukuyu mlima ule wa karibu mita 3,000 unajificha nyuma ya kilima, unatokea upande usioutarajia, unafunikwa na wingu, unarudi ukiwa karibu zaidi. Macho hayachoki.

Lakini kilichonibakia zaidi katika safari ile ni bibi wa viazi. Mshale ungetufikisha ziwani. Usingetufikisha kwa bibi, na bila bibi tusingenyamaza kwenye mianzi. Maelekezo ya mtu yanabeba mtu mwenyewe: muuza vocha anaona maduka, mkulima anaona miti, mwindaji angetuambia habari za nyani. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema mshale uondolewe tu. Ukiuondoa, weka watu wanaojua njia.

Nikisema wawindaji nakumbuka kipunji. Mwaka 2003 watafiti waliofanya kazi milima ya Rungwe walianza kumtafuta kima huyu baada ya kusikia habari zake kwa wawindaji wa hapo. Mwaka 2005 akatangazwa duniani kama spishi mpya. Mpya kwa nani? Jina alikuwa nalo tayari. Alikuwa juu ya miti yake, watu walimjua, watoto walisimuliwa. Kila ninapoanza gemu mpya najiuliza kama dunia yake ina kipunji ndani yake, kitu ambacho kilikuwa na jina kabla yangu na kingekuwa na jina hata nisingekuja.

The Witcher 3, ya CD Projekt Red ya Poland, iliyotoka Mei 2015, inacho kwa wingi. Wengi husifu visa vyake vikubwa vya vita na familia. Mimi namkumbuka bibi wa kikaango. Mwanzoni kabisa mwa gemu bibi mmoja anataka kikaango chake. Kuna mtu aliazima, amejifungia, hakirudishi. Uko na panga mbili mgongoni, unatafuta mtu aliyepotea, dunia iko vitani, na bibi anataka kikaango. Ndani unamkuta mtu amekufa, na kikaango kimekwanguliwa masizi ili kutengeneza wino. Kuna jambo zito lilipita chumba kile. Bibi hana habari nalo. Anafurahi kwamba kimerudi kisafi. Nilisimamisha gemu nikampigia mama simu, kwa sababu kwetu kuna sufuria iliyoazimwa na jirani tangu nikiwa darasa la tano na bado inatajwa kila Krismasi.

Mwaka 2020, banda limeshafungwa, nilicheza Kingdom Come: Deliverance, kazi ya Wacheki wa Warhorse iliyotoka 2018. Ni Bohemia ya mwaka 1403, hakuna majoka. Wewe ni Henry, mtoto wa mhunzi, na hujui kusoma. Ukifungua kitabu, herufi zimevurugika ndani ya maneno. Unaona ni maandishi, unaona nafasi kati ya neno na neno, lakini hayakupi kitu. Inabidi umtafute mwandishi akufundishe, na unavyoendelea kusoma herufi zinatulia moja baada ya nyingine, kwanza neno dogo, kisha nusu ya sentensi.

Bibi yangu mzaa baba alijifunza kusoma kwenye madarasa ya kisomo cha watu wazima miaka ya sabini, akiwa tayari ana watoto wanne. Aliwahi kuniambia kwamba kabla ya hapo maandishi aliyaona kama kuni zilizomwagwa chini: unajua kuna mtu alizibeba, ila hujui zilikuwa zimefungwa vipi. Sikumwelewa. Nilikuwa mtoto niliyejua kusoma na nilidhani kutojua kusoma ni kuona ukurasa mweupe. Usiku ule mbele ya kompyuta, na kitabu cha Henry kimefunguka, niliona kuni za bibi. Nilikaa na ukurasa huo muda mrefu kuliko gemu ilivyohitaji. Alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, na nilitamani sana aone kwamba kuna watu huko mbali waliofikiria jambo lake kwa makini kiasi hicho.

Nirudi bandani, kwa dogo wa Ilemi, kwa sababu kuna jambo sijamaliza.

Mashine ilikuwa ya wote, na kumbukumbu za gemu zilikuwa za wote pia. Dogo alikuwa ameweka akiba ya wiki nyingi za nusu saa nusu saa. Siku moja mtu alisevu ya kwake juu ya ile ya dogo. Hakukuwa na ubaya, alibonyeza asipopajua. Dogo alipogundua alitoka nje ya pazia akalia. Nilimfuata nikidhani analilia panga lake, maana lilikuwa zuri. Akasema nyumba. Alikuwa amenunua nyumba ndogo mjini Whiterun kwa sarafu 5,000 za mle ndani, na alikuwa ameokota vitabu kila alikopita akavipanga rafuni kimoja kimoja. Vilikuwa vimefika rafu mbili. Nyumbani kwao walikuwa wanalala watu watano chumba kimoja.

Nilinunua daftari, nikaandika kila jina na kumbukumbu yake, na sikumtoza kwa wiki mbili. Hayo ndiyo niliyoweza.

Alirudi akaanza upya, na alicheza tofauti. Haraka yote ilikuwa imemtoka. Alitembea barabarani badala ya kukata porini, alisimama kuangalia mto. Jioni moja alilipa nusu saa yake, akabadilishana maneno mawili matatu na watu wa Riverwood, akaenda porini, akarudi na ngozi za mbwamwitu za kuuza. Lakini kule kulikuwa saa nane usiku. Duka lilikuwa limefungwa, na hufunguliwa saa mbili asubuhi. Akasimama mbele ya mlango, akashusha padi mapajani.

Nikamwonyesha kitufe cha kusubiri. Unakibonyeza, unachagua saa, kunakucha.

"Nakijua, kaka," akasema. "Ila nikikibonyeza usiku haupiti, unarukwa."

Saa moja ya kule ni dakika tatu za kwetu. Dakika kumi na nane, kati ya thelathini alizolipia. Nilitaka kumwambia anapoteza hela, nikanyamaza. Nilivuta kiti nikakaa naye. Mto ulikuwa unasikika. Mbingu ilikuwa na nyota na ile mianga ya kijani ya kaskazini, kisha ikaanza kufifia, paa likaonekana, kuku wakaonekana njiani. Watu wakaanza kutoka mmoja mmoja. Mtoto wa darasa la tatu, ambaye sasa alikuwa wa tano, alikuwa amesinzia mwisho wa benchi lake.

Mlango ukafunguka. Dogo akaniangalia, akainua padi.

"Hodi," akasema, na akaingia.